Nguzo ya Upande wa Malori

Kwa miaka tisa Mwalimu Yesaya Kibona hakuwahi kusimama uso kwa uso na mke wa mwanawe Osward, na jambo hilo alilihesabu miongoni mwa fahari za nyumba yake. Irene alikuwa mhandisi wa majengo mwenye ofisi yake Mbeya. Huko alipanda ghorofa zisizo na ngazi, akawaamuru wanaume waliomzidi umri, na wakamtii. Lakini alipofika Tunduma na kusikia kikohozi cha baba mkwe sebuleni, alizunguka nyuma ya nyumba na kuingilia jikoni, kama walivyofanya wakaza wana wa Kindali kule Ibaba, kijijini kwao, tangu zamani. Hakulitaja jina lake. Hakula mezani pake. Walipokaribia kukutana njiani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka, hata ikabidi aingie katika mahindi ya watu.

"Elimu haikumharibu," Mwalimu alipenda kuwaambia wazee wenzake wa kanisa. "Ana shahada mbili, na bado ananiogopa."

Fahari yake ya pili ilikuwa jengo. Lilisimama ukingoni mwa barabara kuu, mahali ambapo malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni. Alilijenga baada ya kustaafu ualimu mkuu, kwa nguzo na boriti za chuma alizozinunua ghala moja la zamani lilipobomolewa. Chini palikuwa na maduka, ghorofa ya kati ilikuwa na darasa la ushonaji la mpangaji wake Fides, na juu kabisa palikuwa na ukumbi aliouita kwa jina la marehemu Samwel, mwanawe wa kwanza. Samwel aliacha binti mmoja, Gwantwa, ambaye alilelewa na babu yake tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Siku ya mazishi Mwalimu aliahidi mbele ya watu kwamba mtoto huyo hataozwa katika ukumbi wa kukodi. Sasa Gwantwa alikuwa ameposwa na kijana wa ukoo wa Siame kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na arusi ilipangwa mwishoni mwa Agosti, chini ya jina la baba yake.

Mapema mwezi huo dereva mmoja alichoka kungoja, akajaribu kuchomoka katika foleni. Kichwa cha lori kilipita salama. Tela lililojaa mbolea likakata kona na kuigonga nguzo ya pembeni ya jengo, ile ya upande wa malori. Nguzo ikapinda kuelekea ndani, mfano wa goti la mtu anayeanza kuchuchumaa. Hakuna aliyeumia. Vioo vya duka la simu la Raphaeli vilimwagika, Fides na wanafunzi wake walikimbilia nje na vitambaa mikononi, na baada ya saa chache kila mtu alikuwa amerudi kazini akisimulia alivyonusurika.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu alipokuwa kanisani, Irene alikuja kulitazama jengo. Alikaa ndani muda mrefu. Alipanda hadi ukumbini, akafungua vipande vya dari, akachungulia mahali boriti zinapokutana na nguzo. Kisha akasema na mumewe, Osward akaenda kusema na mama yake, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na mtoto aliyempelekea baba habari nzito kwa mkono wake mwenyewe. Jioni Bibi Tusekile alimpelekea Mwalimu maji ya kunawa, akasimama kidogo na birika.

"Mkweo ameliona jengo lako."

"Anasemaje?"

"Anasema limejengwa vizuri. Ila kwa kuwa malori ni mengi, nguzo ziongezewe nguvu."

"Ya pembeni?"

"Nguzo, amesema. Na mkipata nafasi, mtazame na maungio."

"Maungio yapi?"

"Baba Samwel, mimi nayajua ya jikoni tu. Nawa, ugali unapoa."

Mwalimu hakuwa mtu wa kufanya nusu ya jambo aliloshauriwa. Kesho yake alimwita Brayan, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na karakana jirani na kituo cha mafuta, akaagiza nguzo zote za mbele zivalishwe sahani za chuma kutoka sakafuni hadi darini. Ile iliyopinda isukumwe kwa jeki hadi irudi mahali pake, kisha ipewe sahani nene kuliko zote. Alikwenda kusimamia kazi hiyo kila asubuhi, tai shingoni, viatu vimeng'arishwa, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua mistari ya wanafunzi.

Siku moja Brayan alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea.

"Mzee, hizi breketi zinatuzuia. Sahani haiwezi kufika juu."

Breketi zilikuwa vipande vya chuma vilivyochomoza kwenye ubavu wa kila nguzo, chini kidogo ya dari, na juu yake ndipo boriti zilipokalia. Mwalimu alizitazama kwa kutoridhika. Kwa miaka thelathini alifundisha watoto kuchora mstari ulionyooka, na chochote kilichouvunja mstari kilimwudhi.

"Hizi chunjua zina kazi gani?"

"Ndizo zinazobeba, mzee."

"Na bolti?"

"Bolti zinashika."

"Basi kama zinashika, zishike. Kata chunjua, nguzo ikae kama nguzo. Wageni wangu hawatapita chini ya vitu vya kuning'inia."

Brayan alikuna shingo, akatazama juu, akamtazama mzee. "Sawa, mzee. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Kazi ilipokwisha na rangi nyeupe kupakwa, watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Nguzo zilikuwa nene na laini, zikapanda moja kwa moja bila doa. Raphaeli alitoka dukani kwake akaigonga moja kwa kiganja.

"Mwalimu, sasa hata treni ya TAZARA ikiacha reli ikaja hapa, itaomba radhi irudi."

Mwalimu hakucheka mbele ya wapangaji, lakini alikwenda nyumbani akiwa mwepesi wa mwendo, na Gwantwa alipompokea kofia alimwambia, "Mke wangu, nyumba ya kukuozea iko tayari."

"Mume wangu mzee," Gwantwa alimjibu, kwa utani wao wa tangu utotoni, "unanioza huku unajisifu? Wenzako hulia."

*

Alhamisi kabla ya arusi Irene alifika kutoka Mbeya kuungana na wanawake jikoni. Mwalimu hakujua kwamba alikuwa amepitia kwanza kwenye jengo. Yeye mwenyewe alikuwa chini, kwenye kibaraza, akimwonyesha Brayan mahali palipohitaji rangi ya pili, aliposikia hatua za mwanamke zikishuka ngazi kwa haraka. Aliutambua mwendo huo. Akageuka kama mila ilivyotaka, akajibanza nyuma ya nguzo ya pembeni, akangoja zipite.

Hazikupita. Zilisimama upande wa pili wa nguzo.

"Nguzo, shikamoo."

Brayan aliacha brashi hewani.

"Nguzo, mimi ni mkaza mwana wa nyumba hii. Sina ruhusa ya kusema na baba, kwa hiyo nasema na wewe. Aliye nyuma yako akinisikia, nisamehewe."

Mwalimu aliwahi kusikia jambo kama hili mara moja tu maishani mwake, akiwa mdogo Ibaba, siku nyasi za paa la babu yake ziliposhika moto. Babu alikuwa ameketi ndani, hana habari, na hapakuwa na mtu mwingine uani. Mama yake alilipigia kelele jiwe la kusagia: "Jiwe, paa linaungua! Jiwe, toka!" Babu akatoka. Hakuna aliyemkaripia mama siku ile.

"Nguzo," Irene aliendelea, "nani amekukata breketi zako?"

Brayan akaanza kuchunguza kopo la rangi. Mwalimu alikohoa.

"Nguzo," alisema hatimaye, akiukazia macho ukuta wa duka, "mwambie ni mimi niliyeamuru."

"Nguzo, baba aliletewa maneno yangu?"

"Aliletewa. Aliambiwa nguzo ziongezewe nguvu, na zimeongezewa. Zitazame."

"Sikusema hivyo." Irene aliigusa sahani ya nguzo. "Nilisema ukumbi ufungwe siku ileile na wapangaji watoke. Nilisema lori lingine likiing'oa nguzo hii, hakuna kitakachozishika boriti zake. Ukumbi utaiangukia ghorofa ya kati, ya kati itayaangukia maduka, na upande ulioanguka utauvuta uliosimama, mmoja baada ya mwingine, mpaka jengo liishe. Nilisema maungio yafungwe kwanza. Unene wa nguzo sikuutaja hata kidogo."

Mwalimu aliwaona wote wawili kana kwamba wako mbele yake: Osward, akiuchukua ujumbe ule mkononi mwa mkewe na kuondoa neno la kufunga, kwa sababu ni nani angemwambia baba afunge ukumbi wa Samwel, kisha Tusekile, akiondoa neno la kuanguka, kwa sababu mume wake alikuwa na shinikizo la damu na alikuwa hajala. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipoza kidogo, na ujumbe ulipomfikia yeye ulikuwa umekwisha kuwa sifa. Naye ndiye aliyeijenga nyumba ambayo neno halikuruhusiwa kumfikia likiwa la moto.

Lakini alikuwa na kiburi bado, nacho kilitafuta pa kusimama.

"Nguzo, mwambie hakuna nguzo nene kama hizi Tunduma nzima."

"Ni kweli, ni nene. Nami kazini huulizwa swali moja tu: nguzo hii isipokuwapo, mzigo wake utashikwa na nani? Hapa jibu ni hakuna. Zamani boriti zilikalia breketi na kushikwa na bolti. Sasa zimebaki kwenye bolti peke yake, na bolti zenyewe ziligongwa na lori. Nguzo, baba ni mzee wa kanisa. Amebeba majeneza kule milimani, wakati wa mvua. Mbebaji mmoja akiteleza, jeneza huanguka?"

Swali hilo lilimpata mahali ambapo hakuwa amejikinga. Siku ya kumpandisha Samwel makaburini njia ilikuwa tope tupu. Anyelwisye, binamu yake, aliyekuwa mbele upande wa kushoto, alikwenda chini mzima mzima. Jeneza lilizama upande mmoja, kiasi cha shubiri, watu wakapiga ukelele, kisha likatulia hewani mikononi mwa wale waliobaki.

"Halianguki," alisema polepole. "Wengine hulishika."

"Kwa sababu wote wameshikilia kitu kimoja. Boriti zako, nguzo, hazikushikana. Kila moja imebeba jeneza lake peke yake."

Lori lilipiga honi barabarani. Irene alishusha sauti.

"Nimemaliza. Kwa kuvunja mwiko nitaleta faini, kama mila inavyotaka. Sasa nakwenda kusaidia kupika. Watu watakilia wapi hicho chakula, sitauliza."

Hatua zake zilipopotea, Mwalimu alibaki ameegemea chuma. Kilikuwa cha baridi na laini, kama alivyokitaka.

"Brayan, ulijua?"

"Mzee, nilikwambia ndizo zinazobeba."

"Ulisema mara moja."

"Mzee," Brayan alisema kwa upole, "kwako wewe nani anasema mara mbili?"

*

Alipanda peke yake hadi ukumbini. Wasichana wa Fides walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa vya dhahabu na vyeupe kwenye viti, na juu ya jukwaa palikuwa na picha ya Samwel akiwa na sare ya shule. Mwalimu alisimama katikati ya sakafu. Nje lori lilipita, na tetemeko dogo likapanda kupitia nyayo za viatu vyake. Alikuwa amelihisi tetemeko hilo maelfu ya nyakati na kuliona kuwa ni uhai wa mji. Sasa alisubiri liishe, na lilipochelewa kuisha alijikuta ameshika mgongo wa kiti.

Alijiambia ni siku moja tu. Jengo lilikuwa limesimama tangu lori ligonge. Lingesimama siku moja zaidi. Wageni wa Ibaba walikuwa wamekwisha kupanda gari. Alijiambia hayo yote kwa utaratibu, kama mtu anayeandika hoja ubaoni, kisha akawaona watu wa pande mbili wakicheza juu ya sakafu ile, wanaruka na kutua kwa pamoja, na boriti zimeshikwa na bolti ambazo hakuna aliyezikagua. Akashuka.

Hakumtuma mtu. Hilo ndilo lililowashangaza wapangaji kuliko habari yenyewe.

"Unanifukuza, Mwalimu?" Fides aliuliza, pini mdomoni. "Wiki ya arusi? Nguo za wasimamizi ziko mezani!"

"Jengo si salama. Lilikuwa bovu baada ya lori, nami nikalifanya bovu zaidi kwa amri yangu. Chukueni nguo na vyerehani, mtoke leo."

"Si juzi tu tumeambiwa hata treni—"

"Hilo alisema Raphaeli. Mimi nilinyamaza kwa sababu lilinipendeza."

Raphaeli, aliyekuwa mlangoni, alifungua mdomo kutania, akaufunga.

Kwa wakwe wa Nakonde alikwenda mwenyewe vilevile. Mzee Yonasi Siame, baba mdogo wa bwana arusi, alimsikiliza huku akitikisa kichwa, akamwita kwa "ba" ya heshima ya ng'ambo.

"Awe, hapana, ba Kibona! Umetuambia mwaka mzima juu ya ukumbi huo. Leo unaogopa nyumba yako mwenyewe?"

"Naiogopa."

"Nani amekutia hofu hiyo?"

"Mkaza mwana wangu."

Siame aliinua nyusi. "Yule asiyesema nawe?"

"Amesema na nguzo."

Wanaume waliokuwapo walicheka hadi wakashika magoti, na Mwalimu aliwaacha wacheke.

Gwantwa hakucheka. Alimsikiliza babu yake akiwa amekaa kitandani, hina haijakauka mikononi, na alipomaliza aliuliza jambo moja tu: kama jengo lingeweza kungoja hadi Jumatatu. Mwalimu akasema haliwezi. Gwantwa akageukia ukutani.

Arusi ilifanyika katika uwanja wa kanisa, katika upepo wa Agosti. Turubai liling'oka mara mbili. Vumbi liliingia katika wali, likaingia katika kipaza sauti, likautia shela la bibi arusi rangi ya barabara. Na upande wa pili wa njia, mbele ya macho ya kila mgeni, jengo lilisimama jeupe kutwa nzima bila kudondosha hata kipande cha lipu. Malori yalipita. Kila yalipopita Mwalimu alilitazama, na kila alipolitazama alihisi watu wakimtazama yeye.

"Ba Kibona," Siame alimwita kutoka meza ya pili, akipangusa sahani kwa kitambaa, "ukumbi wako unatuonea huruma."

Jioni, bibi arusi alipokuja kuaga, Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa utani. Alitaka kumwambia kwamba mume wake wa kwanza anamwachilia kwa shingo upande. Gwantwa alipiga magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu," alisema, kama mtu anayemwamkia mgeni, akaondoka.

*

Kazi ilianza wiki iliyofuata, na safari hii Irene ndiye aliyeongoza. Mwalimu aliweka kiti ng'ambo ya barabara, umbali ambao mila ingeuvumilia. Aliona breketi mpya, pana kuliko za zamani, zikichomelewa chini ya kila boriti. Aliona sahani ndefu zikipitishwa kutoka boriti moja hadi nyingine juu ya vichwa vya nguzo, ili moja ikivutwa chini nyingine ziishike, na mikanda ya chuma ikizungushwa kwenye ukingo wa kila sakafu. Nguzo zake nyeupe zilitobolewa, zikakatwa, zikapakwa moshi. Mstari ulionyooka haukubaki hata mmoja.

Siku walipofungua ungio la nguzo ya pembeni, Brayan alivuka barabara akiwa amekunja ngumi. Aliifungua mbele ya mzee. Kiganjani palikuwa na nusu ya bolti, imekatika kama kijiti, na sehemu iliyokatika ilikuwa na kutu nyekundu changa.

"Zilikuwa nne, mzee. Tatu ziko hivi. Lori lilizikata siku ileile."

"Kwa hiyo ilibaki moja."

"Moja. Nayo imepinda."

Mwalimu aliichukua nusu ile, akaitia katika mfuko wa koti. Osward, aliyekuja kutazama kazi, alimsihi amwonyeshe Mzee Siame, amfunge mdomo. Mwalimu alikataa. Hakutaka kuitumia kujitetea. Kila alipoigusa mfukoni ilimshtaki.

Hatimaye likabaki jambo moja. Nguzo ya pembeni ilikuwa imeharibika na ilipaswa kutolewa ili mpya isimikwe. Irene alipanga vitegemezo chini ya boriti, akaacha nafasi ya vidole viwili kati yavyo na chuma. Kama maungio mapya yangeshindwa, vingedaka. Kama yangeweza, visingeguswa. Aliwaondoa watu wote, akasimama kibarazani karibu na winchi ya kuivuta nguzo, na Brayan akaanza kuikata nguzo kwa moto, kwanza chini, kisha juu.

Mwalimu aliinuka katika kiti chake. Bila kujua alivyofika, alijikuta amevuka barabara na kusimama upande ule aliosimama siku ile. Cheche zilikoma. Winchi ikavuta. Nguzo ikatoka mahali pake taratibu, na jengo likaguna, mlio mrefu wa chini uliopita katika ghorofa zote tatu. Vumbi likamwagika. Kona ya ukumbi wa Samwel ikashuka mbele ya macho yake, kiasi cha unene wa kidole, na moyo wake ukashuka nayo.

Kisha ikatulia. Ikabaki hewani, chini yake hakuna kitu, na juu ya vitegemezo bado palionekana mwanga.

Hakuna aliyeshangilia. Raphaeli alikuwa amevua kofia. Mwalimu alishusha macho yake kutoka darini, na mahali ilipokuwa nguzo hapakuwa na nguzo. Palikuwa na Irene, kofia ngumu kichwani, masizi shavuni, akimtazama. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania. Akaanza kugeuka haraka.

"Mama," Mwalimu alisema. "Hakuna nguzo ya kusema nayo."

Irene alisimama, uso upande. "Hakuna, baba."

"Basi useme nami. Kuanzia leo, jambo la kuua watu usilitume kwa mtu."

"Nimesikia, baba."

"Na faini usilete. Aliyevunja ni mimi."

*

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde. Tusekile alitaka Osward aende, au mzigo wa mfukoni upelekwe kwa bodaboda anayewafahamu. Mwalimu alisema hapana.

Gwantwa alikuwa uani kwa wakwe zake, akianika nguo. Alimwona babu yake mlangoni, akafuta mikono, akamletea kiti, akapiga magoti na kumwamkia kwa adabu ileile ya baridi. Mwalimu hakukaa. Alitoa nusu ya bolti mfukoni, akamwekea kiganjani.

Gwantwa aliigeuza, akapitisha kidole penye mkato.

"Hii ndiyo ilikuwa inatushika?"

"Hii na nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kukatika. Ilibaki moja."

Mwalimu alimwona akifikiri, akauona uso wake ukilegea, na kwa dakika moja alidhani amefika mwisho wa safari yake. Gwantwa aliinua macho.

"Babu, zilikatika lini?"

"Siku ya lori."

"Na Fides? Na wasichana wake, na Raphaeli, na watu waliokuwa wakiingia kununua vocha? Uliwaacha chini yake muda gani?"

Uani hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na Tusekile wa kusema kwamba mzee hajala, wala Osward wa kusema kwamba hakujulishwa vizuri. Maneno hayo yote Mwalimu aliyajua, na yote yalikuwa ya kweli. Aliyaacha.

"Wiki tatu," alisema. "Nami nikazikata breketi juu yao."

Gwantwa alifumba mkono juu ya kile chuma. Safari hii hakumwita "mume wangu mzee", wala hakumwita "babu". Alikivuta kiti karibu zaidi na kivuli cha ukuta, akangoja hadi Mwalimu alipokaa.